Tembo Aliyekula Marando ya Kijiji

Nani kati yenu amewahi kula kitu, halafu akamsingizia paka?

Msitazamane. Nimeuliza swali jepesi. Na wewe hapo nyuma unayejikohoza, kohoa baadaye.

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wenye hatia. Inanuka samaki wa kukaanga. Tena: Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata nyanya wa nyanya yangu aliisikia kwa kuhadithiwa, palikuwa na kijiji. Jina lake silikumbuki, na hata nikilikumbuka sitawaambia, maana wenyewe wana vitukuu na vitukuu wana midomo. Kijiji hicho kililima viazi vitamu. Asubuhi kiazi, mchana kiazi, jioni kiazi kilichobaki mchana.

Sasa, kiazi kitamu hupandwa kwa rando, lile shina lake linalotambaa. Kiangazi kikija, marando yote mashambani hukauka yakawa kama kamba kuukuu. Ndiyo maana kijiji kilikuwa na desturi. Bondeni, ng'ambo ya kijito, palikuwa na chemchemi isiyokauka, na kando ya chemchemi palikuwa na matuta saba. Hapo marando ya mbegu yalitunzwa kiangazi kizima. Mvua ya kwanza ikipiga, kila nyumba ilishuka kukata mzigo mmoja, ikapanda, ikaishi. Matuta hayo yangekufa, mwaka ule kijiji kizima kingekula hewa.

Aliyeyalinda aliitwa mtunza mbegu, naye alivaa bangili ya shaba. Sharti lake lilikuwa moja tu: mnyama asivuke kijito. Si ng'ombe, si kondoo, si mbuzi. Hasa mbuzi.

Kwa miaka hamsini bangili ilikaa mkononi mwa Bibi Nyamvula. Bibi huyu alikuwa na meno mawili, moja la juu kushoto na jingine la chini kulia, yasiyokutana wala kusalimiana. Pale wengine walipotumia maneno arobaini, yeye alitumia manne. Na alikuwa shujaa. Wakati wa ujana wake kiboko alitoka mtoni akayala matuta yote saba, na Nyamvula, peke yake, akamfukuza kwa mwiko wa ugali. Mwiko wa ugali, jamani! Na marando yakachipua upya, watu wakapanda. Kijiji kikatunga wimbo, na kila mavuno uliimbwa kwa ngoma, ndu! ndu! ndu!

*Kiboko, rudi majini!*
*Nyamvula yuko bondeni,*
*mwiko u mkononi,*
*kiboko, ole wako!*

Ajabu ilikuwa moja tu. Wimbo ukianza, Bibi Nyamvula alikumbuka kuni zake. Aliinuka, akaenda kuzitazama. Watu wakasema, "Mwaona unyenyekevu!"

Mwaka huo Bibi Nyamvula aliivua bangili akamvika Siwema. Siwema alikuwa binti wa miaka ishirini, miguu miepesi, mdomo mwepesi zaidi. Kwao hakukuwahi kutoka mtu wa maana. Walijulikana kwa kuomba chumvi. Jumbe wa kijiji, mtu wa tumbo na kilemba, akaguna.

"Bibi, huyu?"

"Huyu huyu."

"Akiharibu, tutamvua bangili mbele ya watu. Yeye hatagusa tena mbegu ya kijiji hiki, wala watoto wake, wala watoto wao."

"Umesikia?" Bibi akamuuliza Siwema.

Siwema alisikia. Usiku alilala na mkono wenye bangili juu ya shuka, ili hata ndoto zimwone.

Lakini Siwema alikuwa na beberu. Beberu huyo aliitwa Maridadi. Alikuwa mweupe, ndevu zake zilichanwa kila asubuhi, na alitazama watu kama anayesubiri waondoke kwenye kiti chake. Kiangazi kilipokaza, nyasi ziliisha, na Maridadi akaanza kuonyesha mbavu. Kule bondeni, kando ya chemchemi, ukoka ulikuwa kijani kibichi. Siwema akautazama ukoka. Akamtazama Maridadi. Akatazama huku na huku.

"Kidogo tu," akasema. "Nani ataona?"

Akamvusha kijito. Akamfunga kwenye kisiki, mbali na matuta, kwa kamba ya mgomba.

Mnacheka? Chekeni. Kumfunga mbuzi kwa kamba ya mgomba ni kama kumfungia mtoto mlango kwa muwa.

Alasiri hiyohiyo kijijini palikuwa na harusi. Ndu! ndu! ndu! Ngoma ikapanda, ikashuka, ikafika bondeni. Miguu ya Siwema ikatangulia, kichwa kikafuata. Akacheza wimbo mmoja. Akacheza wa pili kwa sababu ya ule wa kwanza. Akacheza wa tatu kwa sababu bi harusi alimvuta mkono.

Huko nyuma Maridadi akaanza na kamba. Kwacha, kwacha, kwacha. Akamaliza kamba. Akajilamba. Akainua kichwa, na mbele yake akaona matuta saba.

Kwacha, kwacha, kwacha.

Siwema aliporudi, jua lilikuwa bado halijagusa mlima. Matuta saba yalikuwa yamenyolewa. Hapakuwa na jani. Vilibaki visiki vya marando, vifupi kama vidole, vimesimama vinatoka utomvu mweupe. Na juu ya tuta la saba, amelala, tumbo kama mtungi, Maridadi.

"Meee," akasema Maridadi, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Siwema akamvuta kwa pembe, akamwinua. Akamsukuma kwa nyuma, akamsukuma, mpaka akaingia kichakani. Hapo hapo akasikia hatua. Alikuwa Mwinyikombo, mwindaji wa kijiji. Maishani mwake Mwinyikombo alikuwa ameua kanga wawili, na mmoja alikuwa mgonjwa.

"Siwema! Ni nini hiki?"

Siwema akafungua mdomo aseme "mbuzi". Alikuwa tayari kabisa. Lakini alitazama matuta yote saba, akaliona neno mbuzi dogo mno kwa maafa yale. Mdomo ukatafuta neno linalotosha.

"Tembo," ukasema.

"Tembo?"

"Tembo."

"Mkubwa?"

"Sasa Baba, tembo mdogo atayamaliza matuta saba?"

Mwinyikombo akatazama chini. Ardhi ya chemchemi ilikuwa laini kama unga uliokandwa, na haikuwa na wayo wa tembo, wala nusu ya wayo. Siwema akasubiri kuumbuliwa. Nusu yake ilitamani. Mwindaji akafumba jicho moja, akanusa hewa, akatikisa kichwa polepole.

"Nilimsikia," akasema. "Nilikuwa nimekaa, nikajiuliza, je, ni tembo yule? Nikajijibu, ndiye."

Hapo uongo ukapata baba.

Kabla ya chakula cha jioni, Mwinyikombo alikuwa ameona pembe zake. Mama wa bi harusi alikuwa amehisi vyungu vikitetema, tetetete, jikoni. Jumbe, ambaye hakupenda kupitwa, akasema alimwota siku tatu kabla lakini hakutaka kuwatia watu hofu. Tembo akapata chongo la jicho la kushoto. Akapata mkia uliokatika. Siwema alikaa pembeni akisikiliza, na kila sifa iliyoongezwa ilimkalia kifuani kama gunia.

Asubuhi Bibi Nyamvula akashuka bondeni, na Siwema nyuma yake. Bibi akazunguka matuta. Akainama, mifupa ikalia ka! ka!, akaokota kitu. Kilikuwa kidogo, cheusi, cha mviringo, kama punje ya kunde. Akakigeuzageuza kiganjani.

"Tembo huyu," akasema, "anaumwa na tumbo?"

"Kwa nini, Bibi?"

"Anachotoa ni kidogo mno."

Masikio ya Siwema yakawaka moto. Bibi akakitupa kile kidude, akapangusa mikono.

"Bibi, nina neno," akasema Siwema.

"Liseme."

Siwema akainua mkono. Akaiona bangili. "Mtungi... mtungi haujajaa."

"Hilo nalo ni neno. Ujaze."

Kule juu, Jumbe alikuwa ametoa amri. Marando yamekufa, akasema, sasa kazi ni moja, kulipa kisasi. Mtu yeyote asishuke bondeni. Ngoma zipigwe mlimani mchana kutwa, tembo ajue hapa pana wanaume. Na wanaume wakapiga, ndu! ndu! ndu!, wakapokezana, wakaletewa viazi vya mwisho wapate nguvu ya kupiga. Hakuna aliyeuliza kama visiki vya marando vinataka maji. Kupiga ngoma kuna sifa. Kubeba maji kuna mgongo.

"Bibi, usishuke!" wakamlilia. "Tembo!"

"Tembo hali vikongwe," akajibu Bibi Nyamvula. "Hatuna mafuta. Siwema, beba mtungi."

Basi kila asubuhi wakashuka wawili. Siwema akabeba, akamwaga, akabeba, akamwaga. Chubwi, mtungi chemchemini. Shwaa, maji kwenye tuta. Bibi akakaa juu ya jiwe akitafuna muhogo mbichi kwa yale meno mawili, kazi iliyomchukua asubuhi nzima.

Pembeni mwa tuta la kwanza palikuwa na kichuguu. Maridadi, katika safari yake ya kwenda kula, alikuwa amekitia kwato. Palikuwa na tundu la kuingiza ngumi. Siku ya pili mchwa walikuwa wamejaa ukingoni mwa tundu, kila mmoja na chembe ya udongo mdomoni. Siku ya tatu tundu lilikuwa limebaki la kuingiza kidole.

"Umeona nini?" akauliza Bibi.

Siwema akajiweka sawa. Alijua wazee wanapenda nini. "Nimeona, Bibi, kwamba yatupasa tuwe na bidii kama mchwa, tushikamane kama mchwa, na tu—"

"Aa!" Kipande cha muhogo kikaruka. "Nimekuuliza tuwe kama nini? Nimekuuliza umeona nini. Una macho au una hotuba?"

Siwema akachuchumaa, akatazama kweli.

"Hawakulifunika tundu kwa majani," akasema polepole. "Wameanza kwenye tundu lenyewe. Palepale palipovunjika."

"Enhe."

"Na hawajaitisha mkutano."

Bibi Nyamvula akacheka mpaka meno yale mawili yakakaribia kukutana.

"Bibi, nina neno."

"Liseme."

Siwema akavuta pumzi. Ndu! ndu! ndu! ikalia kule mlimani. Pumzi ikamtoka. "Mtungi una ufa."

"Nao pia?" akasema Bibi.

Siku ya nne Siwema alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la tatu. Akaona kitu kando ya fundo la kisiki kimoja, chini kidogo tu ya mahali Maridadi alipong'ata. Kilikuwa chekundu. Kilikuwa kidogo kama yai la chawa. Akalala kifudifudi, pua ikagusa udongo.

"Bibi! Jicho! Rando limetoa jicho!"

"Wapi?"

"Hapa, kando ya kidonda. Na hili! Na lile kule! Bibi, hayajafa! Yako hai yote!" Akainuka akaanza kucheza pale pale matutani, bila ngoma, tope mpaka puani. Akamshika Bibi mikono, akamzungusha, na Bibi naye akazunguka mara moja na nusu kabla mifupa haijakataa.

"Kwa hiyo," akasema Bibi akihema, "rando halikujifanya lina majani."

"Halikujifanya, Bibi."

"Lilikaa hivyo hivyo, limeliwa, limekatika, kila mtu analiona."

Siwema akaacha kucheza.

"Bibi," akasema. "Bibi, nina neno, na si la mtungi."

Lakini safari hii ngoma haikulia mlimani. Ilikuwa inashuka. NDU! NDU! NDU! Kijiji kizima kilikuwa kinakuja bondeni. Mbele alikuwa Jumbe na kilemba chake, nyuma yake Mwinyikombo na upinde, na nyuma yao wanaume ishirini wenye majembe.

"Tumeamua!" akatangaza Jumbe. "Tembo hurudi siku ya tano. Mwinyikombo anajua tabia zao."

"Nimelala nao porini," akasema Mwinyikombo.

"Tutachimba shimo la mtego. Kina cha watu watatu. Na litakuwa hapa." Akakanyaga tuta la tatu. "Alipokulia ndipo atakaporudi."

Siwema akatazama unyayo wa Jumbe. Chini yake yalikuwa macho mekundu, madogo kama mayai ya chawa.

"Jumbe, chimbeni pale juu," akasema. "Pana kivuli."

"Tembo hatafuti kivuli, anatafuta marando."

"Marando yamekwisha. Labda hatarudi."

"Tembo ana kumbukumbu," akasema Mwinyikombo.

"Labda alihama."

"Jana nimesikia miguu yake."

"Labda amekufa!"

"Amekufa?" Jumbe akashangaa. "Kwa nini?"

"Kwa... kwa uzee."

"Ondoka, mtoto," akasema Jumbe. "Umekwisha kuona makubwa, umechanganyikiwa. Haya, wanaume, majembe juu!"

Majembe ishirini yakapanda. Siwema akamtazama Bibi Nyamvula. Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika kipande chake cha muhogo, hatafuni. Hakumpa neno. Hakumpa hata nyusi.

Siwema akajitupa kifudifudi juu ya tuta la tatu, mikono imetandazwa.

"MBUZI!" akapiga kelele. "Hakuna tembo! Hapajawahi kuwa na tembo! Ni mbuzi, ni Maridadi, ni mbuzi wangu, nilimvusha mimi kijito, nikamfunga kwa kamba ya mgomba, nikaenda kucheza ngoma!"

Majembe yakabaki hewani.

"Kamba ya nini?" akauliza mtu.

"Ya mgomba."

"Ya *mgomba*?" Wanaume ishirini wakatazamana, kana kwamba hiyo ndiyo dhambi yenyewe.

Na kama aliyeitwa, Maridadi akatoka kichakani alikofichwa, shingoni bado ana kifundo cha kamba ambacho ulimi haukukifikia. Akautazama umati. "Meee."

Jumbe akamgeukia Mwinyikombo. "Wewe uliona pembe."

"Mimi?" Mwinyikombo akautazama upinde wake kama ndio uliosema. "Niliona... niliona kitu chenye pembe, Jumbe. Na huyu, ukimtazama vizuri, ana pembe."

"Na zile nyayo ulizosikia jana?"

"Naye anatembea."

Mama wa bi harusi akaanza kucheka. Akacheka kwa mkono mdomoni, kisha bila mkono. Jumbe hakucheka. Alikuwa amemwota tembo siku tatu kabla, na sasa ndoto ile haikuwa na pa kwenda.

"Vua bangili," akamwambia Siwema.

Siwema akainuka, tope kuanzia paji la uso hadi kiunoni. Kifua, ajabu, kilikuwa chepesi. Lile gunia halikuwapo.

"Nitavua," akasema. "Lakini msichimbe. Inameni mwone. Yanachipua."

Wakainama. Wanaume ishirini na kijiji kizima, makalio juu, pua chini. Wakayaona macho mekundu. Mtu akasema "Lo!", mwingine akasema "Lo!" yake, mpaka lo zikajaa bonde.

Ngojeni. Hapa niwaambie mambo ya mbele sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii haupendi kusindikizwa. Mvua ilikuja siku ya ishirini na sita. Kila nyumba ilipata mzigo wake, mwembamba kidogo, lakini mzigo. Na wale wanaopenda kuondoka na funzo mkononi kama pilau ya shughuli, lichukueni: ukiumia, anzia palepale palipouma, jua likiona na watu wakiona, usijibandike majani ya kuazima. Basi. Turudi bondeni.

Jumbe akainuka akipangusa magoti. Bado alikuwa na hasira ya mtu aliyepanga shimo la kina cha watu watatu.

"Yachipue, yasichipue, bangili itavuliwa! Tangu kijiji hiki kianze, hajatokea mtunza mbegu aliyelisha mbuzi mbegu. Tazameni! Bibi yetu Nyamvula alipambana na kiboko. Kiboko! Wewe umeshindwa na mbuzi." Akageukia ngoma. "Pigeni wimbo wa Bibi, huyu mtoto asikie mtunza mbegu ni mtu wa namna gani!"

Ndu! ndu! ndu!

*Kiboko, rudi majini!*
*Nyamvula yuko bondeni—*

Bibi Nyamvula akainuka kutoka kwenye jiwe. Watu wakampisha njia, wakijua anakwenda kutazama kuni.

Hakwenda kutazama kuni. Alikwenda mpaka kwenye tuta la tatu, akasimama kando ya Siwema, akaushika ule mkono wenye bangili, na bangili akairudisha juu, hadi kwenye kiwiko.

"Nyamazisheni hiyo ngoma," akasema.

Ikanyamaza. Maji ya chemchemi yakasikika. Bibi akafungua mdomo, akaufunga. Miaka hamsini ni mingi kwa neno moja kukaa kooni; lilikuwa limeota mizizi. Siwema akamwinamia sikioni.

"Liseme, Bibi," akanong'ona. "Si la mtungi."

"Hapakuwa na kiboko," akasema Bibi Nyamvula, kwa sauti ambayo hata waliosimama ng'ambo ya kijito waliisikia. "Alikuwa mbuzi. Jike. Mweusi. Aliyemvusha ni mimi, na jina lake lilikuwa Asali."

Hapo ndipo hadithi yangu imeketi chini, kando ya mbuzi, na haiinuki tena.